Pingili Moja, Macho Manne

Mercy, msichana aliyerithi banda langu la maua kando ya barabara ya Mumias hapa Kakamega, alinipigia simu juzi nikiwa nachambua mboga. Hakunisalimu. Siku hizi salamu nadhani zinalipiwa.

"Kukhu," akasema, maana ndivyo vijana wa hapa wanavyotuita sisi nyanya zao, "kuna mteja anauliza, kipandikizi kinawekwanga kwa maji ama kwa udongo? Jibu chapchap, boda inamngoja."

"Mwambie aiachilie boda iende," nikamjibu. "Jibu langu ni refu kuliko safari yake."

Akakata simu. Ndiyo maana ninaandika. Karatasi haikati simu.

Nimezalisha maua kwa vipandikizi miaka thelathini na mmoja. Mume wangu husema ni thelathini, lakini yeye hauhesabu ule mwaka wa kwanza, ambao niliua kila nilichogusa. Mimi nauhesabu. Ndio niliojifunzia.

Aliyenifundisha ni Mzee Shimuli, mtu wa maneno machache na kofia moja. Siku ya kwanza alinipa vijiti sitini vya bogenvilia nivichomeke kitaluni. Nikavichomeka kwa mstari ulionyooka kama gwaride. Akapita, akatazama, akaenda kunywa chai. Akarudi, akatazama tena.

"Mama, wewe nyumbani unasimamanga kwa kichwa?"

Vijiti thelathini na vinne vilikuwa vimepandwa juu chini. Nilivihesabu nikiving'oa, nikavihesabu tena nikivirudisha. Kijiti kisicho na majani hakisemi kichwa kiko wapi, na kikipandwa kichwa chini hakilalamiki, kinakufa tu kwa adabu. Kwa hiyo, wajukuu zangu: ukikata, upande wa chini ukate mshazari, upande wa juu ukate bapa. Ukisahau mengine yote niliyoandika hapa, usisahau hilo. Na ukikumbuka hilo tu, bado umenifanyia hasara.

Sasa maji na udongo. Nyinyi vijana mnapenda maji, na sishangai. Maji yana dirisha. Mnaweka kijiti kwenye chupa ya kioo, mnakipiga picha, mnakaa mkingoja mizizi kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani wa mtu mwingine. Udongo hauonyeshi kitu. Udongo unakuomba uamini, na nyinyi hamwamini hata mizani ya duka. Nilipita bandani kwa Mercy wiki iliyopita nikahesabu chupa arobaini na moja. Nikarudia, zikawa arobaini na mbili. Moja ilikuwa nyuma ya redio.

Sikatai, maji yana watu wake. Koleasi, ile yenye majani ya rangi rangi, ukiiangusha tu ndooni kwa bahati mbaya itaota. Maniplanti, ile inayotambaa, vilevile. Lakini msimpe kila mmea maji kwa sababu mmoja aliyafurahia. Bogenvilia ukiiweka majini inakudanganya: inasimama wima wiki mbili, ukiivuta inakuachia ganda mkononi. Jeraniamu, ikate, iache kivulini siku nzima kidonda chake kikauke, ndipo uichomeke kwenye mchanga. Waridi ni la udongo, na hata huko lina maringo.

Anayetaka maji basi ayape heshima. Ya bomba yalale ndooni mpaka kesho yake, makali ya dawa yapungue. Ya mvua ni bora zaidi, na sisi Kakamega tunaletewa kila alasiri bila kuagiza. Yabadilishe kila siku ya pili. Jani lisizame, litaoza na kuoza kunaambukiza. Chupa ya rangi ni bora kuliko ya wazi, hata kama haipendezi pichani.

Na msichungulie. Mercy alipoanza kazi alikuwa aking'oa krotoni kila Ijumaa aone kama imetoa mizizi, halafu anairudisha. Nikamwuliza, "Wewe ukiwa umelala, nikufunue blanketi kila saa nikuulize kama umelala?"

"Sasa nitajuaje, Kukhu?"

"Jani jipya likitoka, amekwambia mwenyewe."

Mnaona ninavyojua mengi. Basi nije kwa kosa langu kubwa, maana nilipolifanya nilikuwa tayari nimejua yote haya, na nilikuwa na miaka ishirini na kitu kazini. Makosa ya mwanafunzi yanaua kijiti. Makosa ya fundi nusura yaue undugu wa watu.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, jua kali. Alikuja mwanamke amebeba kitu kilichofungwa kwa leso, amekishika kwa mikono miwili kama mtoto anayepelekwa kliniki. Sikumjua, lakini alisoma kibao changu cha bei na nikaona macho yake yakisahihisha tahajia. Nikajua ni mwalimu.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, Mwalimu."

Hakushangaa. Aliitwa Nanjala, mwalimu mstaafu, kwao ni Butere. Akafungua leso. Ndani mlikuwa na shina moja nene lenye urefu wa mkono wangu, na kichwani majani matatu mapana yenye madoa meupe. Mmea huo mnaujua, ule unaowekwa mapokezini kwenye mabenki. Wenye vitabu wanauita difenbakia. Wateja wangu waliuita "ule wa madoa", nami sikuwa na haja ya kuwazidi. Shina lake ni kama la muwa, lina pingili na mafundo, na kila fundo lina jicho. Utomvu wake ni mkali. Ukigusa ulimi, ulimi unavimba, mtu anashindwa kuzungumza. Kuna wateja niliowahi kutamani kuwaonjesha, lakini nilijizuia.

"Huu ni wa mama yangu," akasema Mwalimu. "Umekaa mlangoni kwake miaka yote. Kaka yetu Barasa, ndiye amebaki pale nyumbani, ameukata kwa panga, akang'oa na mizizi, akachoma. Mimi nimeokota hiki tu."

"Mbona aukate?"

"Muulize yeye. Sisi hatuongei naye."

Akaniambia jambo lenyewe. Walikuwa watoto watano, wasichana wanne na huyo Barasa. Tangu siku ya panga dada wote wanne hawakupokea simu yake. Mwezi wa nane kungekuwa na ibada ya ukumbusho wa mama yao, pale pale nyumbani.

"Nataka siku hiyo kila mtoto wa mama apewe mmea wa mama. Na Barasa apewe, mbele ya wote. Aone aibu, aseme pole, tuongee. Bila hivyo, mama, tutakula kila mtu na sahani yake, kila mtu chini ya mti wake. Na mwaka ujao hatutakutana."

"Mitano kutoka kwa hiki kimoja?"

"Inawezekana?"

Mimi ni mtu wa biashara. Ukinunua unaanza chini, ukiuza unaanza juu. Lakini ahadi, wajukuu, si bidhaa. Ahadi inaanzwa chini. Nilipaswa kusema miwili, nikisukumwa sana mitatu. Badala yake nikahesabu macho ya lile shina: kumi na saba. Nikarudia: kumi na saba. Nikavimba kichwa.

"Mitano," nikasema, "na itakuwa tayari mwezi wa saba."

Akanishukuru bila hata kupatana bei. Hilo lilipaswa kunitisha. Mteja asiyepatana bei ni mtu aliyeleta moyo wake dukani.

Nikakata. Kichwa chenye majani, kimoja. Shina lililobaki vipande vinne. Macho kumi na saba hayagawanyiki kwa nne, hivyo vipande vitatu vikapata manne manne na kimoja kikapata matano. Chini mshazari, juu bapa. Kisha nikaviweka vyote vitano kwenye maji, katika chupa za kioo, dirishani, kwa sababu moja tu ambayo leo naitaja kwa aibu: nilitaka Mwalimu akija aone. Nilikuwa namwuzia dirisha, kama Mercy.

Na aliona. Baada ya majuma matano chupa zote zilikuwa na mizizi, myeupe, minene, mizuri kama tambi. Mwalimu aliinama akaitazama kupitia kioo, akatoa leso, akajifuta macho. Akawapigia dada zake simu mmoja mmoja palepale. Nilijiona daktari.

Juma lililofuata nikaihamishia udongoni.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo lilipo jibu la yule mteja wa boda. Mzizi uliootea majini ni mtoto aliyelelewa akiletewa chakula kitandani. Haujawahi kutafuta kitu. Hauna vile vinywele vidogo vya kunyonyea katikati ya chembe za udongo. Ni laini na unavunjika kwa kuguswa. Ukitaka kuuhamisha, uhamishe mapema, ukiwa na urefu wa kiungo kimoja cha kidole, kabla haujazoea raha. Uuweke kwenye udongo mwepesi, mchanga wa mto na mboji nusu kwa nusu. Uufunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, uuweke kivulini, udongo usikauke juma zima la kwanza, kisha uupunguzie maji kidogo kidogo, ujifunze maisha.

Nilijua hayo yote. Lakini nilikuwa nimengoja mizizi irefuke kwa ajili ya maonyesho, na siku ile kulikuwa na oda nyingine ya waridi. Nikachota udongo wetu mwekundu, ule unaoshika kiatu na hautaki kukirudisha, nikaushindilia kwa kidole gumba, nikamwaga maji mengi, nikaacha vikopo vitano kwenye jua mpaka saa tisa.

Baada ya siku kumi kipande cha kwanza kikawa uji. Kisha cha pili. Kisha cha tatu. Kichwa chenye majani kiliinama kama mlevi anayetafuta funguo, lakini kikashikilia. Kipande cha nne, kile cha macho matano, kilianza kuoza kutoka chini. Nikakata ule uozo, jicho moja likaenda nao. Nikabaki na kijiti cha urefu wa kidole cha kati, bila jani, bila mzizi, macho manne. Nilikihesabu mara nyingi siku ile kana kwamba yangeongezeka.

Bandani nilikuwa na mfanyakazi mmoja, Osundwa, mtu mzima wa Ekero. Alikuwa amepanda miwa ya watu tangu ujana wake, mgongo ukamkatalia, akaja kwangu kwenye kazi za kukaa. Kwa maua nilimwona kama mtu wa kumwagilia tu. Alichanganya l na r kama sisi wengi wa huku, mimi nikamcheka, na yeye akanicheka ninavyohesabu maharagwe kabla ya kuyapika.

Asubuhi moja nilikwenda sokoni kununua vikopo. Niliporudi kijiti changu hakikuwepo kwenye chupa nilikokirudisha. Nikamkuta Osundwa akipiga udongo kofi ndogo ndogo kwenye trei ya mbao, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Osundwa. Kijiti kiko wapi?"

"Kimerara."

"Kimefanya nini?"

"Nimekiraza, mama. Hapa chini."

Nikafukua kwa ukucha. Alikuwa amekilaza kwa ubavu, kama maiti, akakifunika udongo mwembamba.

Nilipaza sauti mpaka mtu wa viatu upande wa pili wa barabara akasimama. "Hicho ndicho kilichobaki! Umezika mmea wa watu! Hapa si shamba la miwa!"

Osundwa akanitazama bila haraka. "Mama, hii kitu ina pingili?"

"Ina pingili."

"Ina macho?"

"Ina macho."

"Basi ni muwa ambao haujijui. Na muwa haisimamishwangi kama mlingoti ya bendera. Ukisimamisha, jicho moja ndio linaamka, mengine yanakaa yakimtazama mkubwa wao. Ukiiraza, kila jicho linajiona kifungua mimba." Akapangusa mikono. "Acha irare."

Nilitaka kukifukua. Lakini nilijiuliza ningekipeleka wapi. Majini nilikuwa nimekipeleka. Wima nilikuwa nimekisimamisha. Nikakiacha kwa sababu ya kukosa pengine, si kwa sababu ya imani, na hiyo ndiyo namna nyingi tunavyojifunza.

Mwisho wa mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, udongo kwenye trei ukapasuka mahali pawili. Juma lililofuata, pa tatu. Ncha za kijani, zimejikunja kama masikio ya paka. Nikahesabu: tatu. Nikarudia: tatu. Jicho la nne, kimya.

"Hilo limekufa," nikasema.

"Limerara," akasema Osundwa.

Mwezi wa saba machipukizi matatu yalikuwa na mizizi yao, mizizi ya udongo, yenye nywele, mizizi ya watu wanaojitafutia. Nikayatenganisha kwa wembe, kila moja na kipande chake cha pingili, nikayapa vikopo. Kile kipande kilichobaki chenye jicho la nne nilikirusha kando. Osundwa akakiokota akakirudisha kwenye trei, akakilaza. Sikumsema. Nilikuwa na hesabu nyingine kichwani: kichwa kimoja, machipukizi matatu, jumla mimea minne. Watoto wa mama yao, watano.

Wajukuu, hapa ningeweza kuruka mstari mkasoma mkidhani Kukhu wenu ni malaika. Siruki. Mezani kwangu nilikuwa na mimea kumi na miwili ya aina ile ile, ya madoa, nimeizalisha mwenyewe. Nikachagua mmoja unaolingana kwa kimo, nikaupa kikopo kama vile vingine, nikaupanga wa tatu kutoka kushoto, katikati, maana mtu anayetafuta kasoro huanzia pembeni. Mmea ni mmea, nikajiambia. Nani atajua?

Osundwa aliiona mitano ile, akaenda kumwagilia mahali palipokwisha kumwagiliwa.

Mwalimu Nanjala alikuja mwanzoni mwa mwezi wa nane. Akaivuta miwani. Akaanza kugeuza jani moja moja kama anayesahihisha madaftari. Wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu akasimama.

"Huyu amenakili."

"Mwalimu?"

"Wa mama yangu, vijiti vinavyoshika majani yake vina madoadoa, kama yai la kanga. Angalia hawa wanne. Huyu kijiti chake ni safi." Akanitazama juu ya miwani. "Nimefundisha darasa la nne miaka mingi. Anayenakili hukaa katikati."

Nilimweleza yote: chupa, jua, uji. Nikatoa na pesa zake nimrudishie. Akazisukuma. Akacheka, kicheko kidogo kilichokauka.

"Basi huu mpe Barasa. Angekuwa anajua tofauti, asingeukata."

Nilicheka pia. Alikuwa amenitoa kwenye aibu, ningekosaje kucheka? Osundwa hakucheka.

Juma la tatu baada ya ibada, alisimama bandani mwanamume mrefu, koti la kanisani, viatu vya shambani, mkononi kikopo. Nilikijua kikopo kabla ya kumjua mtu.

"Mama, ni wewe ulifanyia dada zangu hii kazi?"

"Ni mimi."

"Mimi ni Barasa. Huu si wa mama."

Nikamwangalia mgeni wangu. Tukio kama hilo linahitaji kiti, nikampa kiti.

"Nilisimama mbele ya watu," akasema. "Nikasema pole. Wote wanne wakanikumbatia, mara ya kwanza tangu tumzike mama. Nikafika kwa nyumba, nikaangalia kijiti cha jani. Safi. Nikafikiria, kumbe wamenipa wa dukani. Kumbe kwao mimi ni mtoto wa dukani." Akakiweka kikopo chini kwa upole. "Sijawaambia. Kwanza nimekuja niulize. Jibu lako ndilo nitaenda nalo Butere."

"Umejuaje madoadoa?"

"Mama, mimi nilitafuna kile kijiti nikiwa na miaka mitano. Ulimi ukajaa mdomo. Mama akakimbia na mimi mgongoni mpaka hospitali. Nitasahau hicho?" Akatazama mikono yake. "Na mwezi wa kumi na mbili msichana wangu mdogo akakitafuna pia. Nilipomrudisha kutoka hospitali, nikachukua panga. Sikuona mmea wa mama. Niliona ule ulimi."

"Na dada zako uliwaambia?"

"Walinikuta na panga, wakaanza kulia na kunitukana. Mtu anaingizanga neno wapi hapo?"

Wajukuu, nimepatana bei na Wahindi, na wanajeshi, na mama mkwe. Siku hiyo hapakuwa na la kupatana. Mtu niliyemcheka kwamba hajui tofauti ndiye aliyeijua kwa ulimi wake. Nikamwambia ukweli: walikuwa wamekusudia apate wa mama kama wao, mimi ndiye niliyeua mitatu kwa haraka zangu, mimi ndiye niliyeweka wa kunakili. Lile la Mwalimu na kicheko chake nikaliacha. Si kila hesabu inasomwa kwa sauti.

"Basi hakuna mwingine?" akauliza.

"Hakuna. Nilihesabu mara mbili. Ilikuwa minne."

"Mama." Ilikuwa sauti ya Osundwa, nyuma, penye trei. "Hesabu tena."

Nikaenda nikiwa nimekasirika, maana mimi sihesabishwi. Kwenye trei, karibu na kidole chake, udongo ulikuwa umepasuka. Ncha ya kijani, ndogo kama punje ya mchele. Jicho la nne. Wenzake walipoondolewa ndipo lilipoamka.

"Limerara tu," akasema Osundwa. "Nilikwambia."

Barasa alipiga magoti palepale, na koti lake la kanisani, akalitazama. Hakuligusa. Nilimwambia hawezi kuondoka nalo, lilihitaji miezi miwili. Akasema atangoja. Na akawa anakuja kila Jumamosi kutoka Butere, anaketi kwenye kile kiti, anatazama trei, anarudi. Jumamosi ya nne nilimpigia Mwalimu simu nikamwambia kuna jani nataka alisahihishe. Sikusema zaidi.

Alifika, akamkuta kaka yake ameinama.

"Barasa? Unafanya nini hapa?"

"Nahesabu, dada."

"Unahesabu nini?"

"Watoto wa mama. Njoo uone, wametimia."

Mimi na Osundwa tukaenda kumwagilia mahali palipokwisha kumwagiliwa. Walikaa pale mpaka mvua ya alasiri ikaanza, na nilisikia Mwalimu akiuliza, "Ulimi wa mtoto uliumia hivyo, na hukuniambia?" kisha nikaongeza maji kwenye ndoo ili nisisikie lingine. Ule mmea mpya Barasa aliupeleka nyumbani mwezi wa kumi na moja, akaupandisha juu ya kabati, mbali na midomo midogo. Mimi aliniletea ingokho mzima, amefungwa miguu. Nilimwambia kuku huyo ni wa Osundwa. Tukapatana, tukamla pamoja na obusuma, ugali wetu wa huku.

Basi, Mercy, mwambie mteja wako: inategemea. Koleasi majini, bogenvilia udongoni, kitu chenye pingili kilaze. Ukihesabu mara mbili bado hujamaliza. Na akikuletea kitu kimefungwa kwa leso, mpe kiti kwanza, ndipo uchukue kisu.

Na ule wa kunakili? Barasa aliuacha pale sakafuni, nami sikuwa na uso wa kuuuza. Niliuosha udongo, nikaupeleka nyumbani. Uko dirishani kwangu jikoni mpaka leo, umenawiri, una majani kumi na moja, nimeyahesabu mara tatu.

Uko kwenye chupa ya maji. Ya kioo. Usinipige picha.